Linux From Scratch 12.3: mwongozo unaosaidia majaribio yanapofeli, ila si mpaka mwisho

Linux From Scratch, au LFS kama wajenzi wake wanavyouita, ni mwongozo wa bure wa kujenga Linux nzima kutoka msimbo chanzo. Unapakua vifurushi, unavikompaili kimoja baada ya kingine, na mwisho unawasha kompyuta kwa mfumo uliotoka mikononi mwako. Gerard Beekmans aliuanzisha mwaka 1999, na siku hizi toleo jipya hutoka kila Machi na kila Septemba. Linalotathminiwa hapa ni toleo 12.3 la Machi 2025, lenye GCC 14.2.0 (kompaila, inayogeuza msimbo kuwa programu), Glibc 2.41 (maktaba ya msingi ya C), Binutils 2.44 (zana za kuunganisha programu) na kerneli 6.13.4.

Tathmini hii inapima jambo moja tu: mwongozo unamfaa kiasi gani mtu aliyefika sura ya 8, akaendesha majaribio ya kifurushi, akaona mstari unaoanza na FAIL. Hapo ndipo ujenzi mwingi hukwama, na hapo ndipo watu wengine huamua kufumba macho na kusonga mbele, kisha wiki mbili baadaye wanashangaa kwa nini programu zinaanguka bila sababu. Kwa kipimo hicho LFS inastahili nyota nne kati ya tano. Makosa yanayojulikana imeyaeleza kwa uaminifu mkubwa. Nyota ya tano inaikosa kwa sababu jaribio likifeli nje ya orodha yake, haikufundishi namna ya kulichunguza.

Kwanza sifa zake. Sura ya 4 inasema wazi kwamba majaribio ya sura ya 5 na ya 6 hayana maana, kwa kuwa programu za hatua hizo zinakompailiwa kwa ajili ya mfumo ambao bado haujakuwepo. Anayeng'ang'ania kuendesha make check (amri ya majaribio) huko anapoteza muda, na matokeo atakayopata hayamwambii chochote. Majaribio yenye uzito yanaanza ukishaingia kwenye mazingira ya chroot, yaani shell inayouona mfumo mpya peke yake, na kufika sura ya 8. Hapo mwongozo hauvipi vifurushi vyote uzito sawa, na hilo ni jema. Glibc, Binutils, na maktaba za hesabu GMP na MPFR zimewekewa onyo kwamba majaribio yake yasirukwe kwa hali yoyote. GCC inaitwa muhimu, ila mwongozo unakiri kwamba inachukua muda mrefu. Makadirio ya kuijenga pamoja na majaribio yake ni SBU 46, na SBU moja ni muda ambao mashine yako ilitumia kujenga Binutils ya mara ya kwanza kwa kiini kimoja cha prosesa. Kama Binutils ilikuchukua dakika 4, basi hesabu ya GCC kwa kiini kimoja inazidi saa 3.

Onyo la terminali bandia ni mfano wa mwongozo ulioandikwa na watu waliokwisha kuumia. Majaribio ya Binutils na GCC hutegemea Expect, programu inayoziendesha programu nyingine kana kwamba ni mtu anayeandika, na Expect huhitaji terminali bandia kutoka devpts, mfumo wa faili wa kerneli unaozitoa. Ikiwa devpts haijapachikwa ndani ya chroot, majaribio hufeli kwa mamia kwa mpigo, na mtu hudhani kompaila yake imeharibika. Kabla ya kujenga Expect, mwongozo unakupa amri moja ya kupima:

python3 -c 'from pty import spawn; spawn(["echo", "ok"])'

Ukijibiwa ok, endelea. Ukiona OSError: out of pty devices, toka kwenye chroot, rudi sehemu ya 7.3, na upachike upya mifumo yote ya faili ya kerneli, ikiwemo devpts yenye gid=5 na mode=0620. Kinacholeta tatizo hili mara nyingi ni kitu kidogo tu: kompyuta imezimwa katikati ya kazi, labda umeme umekatika, na mjenzi akarudi kwenye chroot moja kwa moja bila kupachika tena /dev, /dev/pts, /proc, /sys na /run. Amri hiyo ya python3 inafaa kuendeshwa kila unaporudi baada ya kuzima mashine, ingawa mwongozo wenyewe unaiweka mahali pamoja tu.

/dev/shm, folda ya kumbukumbu ya pamoja, nayo itazamwe kwa jicho hilohilo. Kwenye mifumo mingine mwenyeji (Linux unayoitumia kujengea) ni kiungo kinachoelekea kwingine, na kwenye mingine ni tmpfs, mfumo wa faili unaokaa kwenye kumbukumbu, inayojitegemea. Sehemu ya 7.3 ina amri ya kushughulikia hali zote mbili. Ukiiruka, majaribio yanayotumia kumbukumbu ya pamoja yatafeli, na ujumbe wa kosa hautakuambia moja kwa moja kwamba chanzo ni /dev/shm.

Tuje kwenye Glibc, ambako mwongozo unang'aa kuliko kwingine kote. Unakuambia kwamba io/tst-lchmod hufeli ndani ya chroot ya LFS. Unakuambia kuwa majaribio kama nss/tst-nss-files-hosts-multi na nptl/tst-thread-affinity yanaweza kufeli kwa kuishiwa muda, hasa mashine ikiwa ya polepole au kazi nyingi zikiendeshwa sambamba. Unataja elf/tst-cpu-features-cpuinfo kwa prosesa za zamani na stdlib/tst-arc4random-thread kwa kerneli za zamani za mfumo mwenyeji. Halafu unakupa njia ya kuyatambua yaliyoishiwa muda:

grep "Timed out" $(find -name \*.out)

na namna ya kuliendesha tena jaribio moja kwa kuliongezea muda:

TIMEOUTFACTOR=10 make test t=nss/tst-nss-files-hosts-multi

Jaribio likipita baada ya kupewa muda zaidi, Glibc yako ni nzima. Shida ilikuwa mwendo wa mashine. Likifeli tena, fungua faili lake la .out ndani ya folda ya ujenzi na usome mistari ya mwisho. Muhtasari wote unakaa kwenye tests.sum, hivyo grep '^FAIL' tests.sum inakupa orodha safi bila kulazimika kupandisha skrini juu kutafuta. Kwa Glibc, kufeli kwa jaribio moja au mawili kati ya maelfu si ajabu. Yakifeli kadhaa ya eneo moja, kwa mfano mengi ya math au ya malloc kwa pamoja, simama. Hiyo si bahati mbaya, na kila utakachojenga baada ya hapo kitaegemea maktaba hiyo.

GMP ina mtego wake, na mwongozo umeueleza vizuri. Msimbo wake hutengenezwa kulingana na prosesa iliyopo, na mara chache utambuzi huo hukosea. Dalili yake ni maneno Illegal instruction katikati ya majaribio. Dawa ni kusanidi upya kwa --host=none-linux-gnu na kujenga tena. Mwongozo unakutaka uhifadhi matokeo kwenye gmp-check-log, kisha awk ihesabu yaliyopita, yasipungue 199. Kwa MPFR idadi inayotakiwa ni 198, yote yapite. Kutaja idadi hivi ni jambo jema sana, kwa sababu mjenzi hahitaji kubahatisha kama kiasi alichopata kinatosha. Laiti wangefanya hivyo kwa vifurushi vingi zaidi.

GCC ndiyo mlima wenyewe. Ina mamia ya maelfu ya majaribio, na hakuna mashine itakayoyapitisha yote. Kabla ya kuanza, mwongozo unaondoa kwa sed (amri ya kuhariri maandishi) baadhi ya majaribio yanayojulikana kufeli, unaongeza kikomo cha stack kwa ulimit -s -H unlimited, unampa mtumiaji tester umiliki wa folda, kisha:

su tester -c "PATH=$PATH make -k check"

Kila kipande cha amri hiyo kina kazi, na mwongozo haukuelezi yote. Kikomo cha ulimit hudumu ndani ya shell hiyohiyo tu. Ukitoka kwenye chroot na kurudi, lazima ukiweke upya, la sivyo kundi moja la majaribio linalotumia stack kubwa litafeli. Herufi -k inaifanya make iendelee baada ya kosa; bila hiyo utasimamishwa kwenye kundi la kwanza lenye FAIL na hutajua hali ya mengine. PATH=$PATH inahakikisha tester anaona programu zilezile unazoziona wewe. Na tester mwenyewe yupo kwa sababu baadhi ya majaribio hukagua kwamba mtu asiye na ruhusa anakataliwa. Mtumiaji root hakataliwi kitu, kwa hiyo jaribio hufeli wakati programu iko sawa kabisa.

Hapohapo pana kosa linalojirudia sana. Mtu anaanza make check akiwa root, anakumbuka, anakatisha, kisha anarudia akiwa tester. Faili zilizoachwa na root zimebaki na umiliki wa root, na sasa majaribio yanafeli kwa Permission denied. Endesha chown -R tester . upya kabla ya kurudia. Kama bado una shaka, futa folda yote, fungua kifurushi upya na ujenge tena tangu mwanzo. Kufungua upya ndiyo kanuni ya LFS kwa kila kifurushi, na wanaoivunja ili kuokoa dakika chache huishia kupoteza saa nzima.

Majaribio ya GCC yakiisha, ../contrib/test_summary inakupa matokeo, na ukiongeza | grep -A7 Summ unapata hesabu peke yake. Hapa ni lazima kujua maneno ya DejaGnu, chombo kinachoendesha majaribio hayo, ambayo mwongozo hauyafafanui. XFAIL ni jaribio lililotarajiwa kufeli na likafeli, halina shida. XPASS ni lililotarajiwa kufeli likapita. Nalo si la kukutia hofu. UNSUPPORTED ni lisiloihusu mashine yako. FAIL ndiyo unayoitafuta, kwenye mstari wa unexpected failures. UNRESOLVED inatisha kuliko FAIL, kwa kuwa maana yake jaribio halikuweza hata kufikia uamuzi, na mara nyingi nyuma yake kuna kompaila iliyoanguka au programu iliyouawa katikati.

Mwongozo unasema ulinganishe matokeo yako na kumbukumbu za ujenzi zilizowekwa kwenye tovuti ya mradi, na kama hayapishani mno unaweza kuendelea. Ushauri ni sahihi, lakini "mno" ni kiasi gani? Kipimo kinachofaa ni kuangalia majina, maana idadi peke yake hudanganya. FAIL kumi zilizoko pia kwenye kumbukumbu rasmi hazina uzito. Mbili zisizokuwepo huko zinahitaji kuchunguzwa. Chukua mistari ya FAIL ya pande zote mbili, ipange kwa sort, na uilinganishe kwa comm au diff. Kazi ya dakika tano, na mwongozo ungeweza kuiweka kwa mistari mitatu.

Na kasoro kubwa ni hii sasa: ukishapata jina la jaribio lililofeli, unaachwa peke yako. Glibc ndiyo iliyoelezwa namna ya kurudia jaribio moja. Kwa GCC inakubidi ujue mwenyewe kwamba ndani ya folda ya ujenzi unaweza kuandika:

su tester -c "PATH=$PATH make -C gcc check-gcc RUNTESTFLAGS='dg.exp=jina.c'"

ukiweka jina la .exp na la faili kama yalivyo kwenye logi. Mjenzi asiyejua hili huendesha upya saa tatu za majaribio ili kuhakiki faili moja. Coreutils nayo ina njia yake, make check TESTS=tests/cp/jina.sh SUBDIRS=. VERBOSE=yes, na kwa vifurushi vinavyotumia Automake sababu ya kufeli huandikwa kwenye test-suite.log. Python hupokea make test TESTOPTS="-v test_jina". Ukurasa mmoja wenye mistari hii ungeupandisha mwongozo daraja zima.

Kasoro ya pili ni kwamba maelezo ya "hufeli, inajulikana" hayalingani kwa kina. Kwa Tar tunaambiwa kwamba jaribio la capabilities: binary store/restore hufeli kwa sababu LFS haina SELinux. Kwa Procps-ng tunaambiwa kwamba jaribio moja la ps hufeli endapo kerneli ya mfumo mwenyeji haikujengwa na CONFIG_BSD_PROCESS_ACCT. Kwa E2fsprogs, m_rootdir_acl hufeli kama mfumo wa faili si ext4. Hayo ni maelezo kamili: unaweza kukagua mwenyewe na kujiridhisha. Kwingine unapewa jina tu bila sababu, na unatakiwa kuamini.

Tatu, mwongozo unasema machache mno kuhusu mashine yenyewe. Unapendekeza viini 4 na RAM ya GB 8, kisha unaweka MAKEFLAGS=-j$(nproc) unapoingia chroot. Kwenye mashine ya viini 16 na RAM ya GB 8, hiyo ni kuita balaa. Mchakato mmoja wa cc1plus (kompaila ya C++ ndani ya GCC) unaweza kumeza gigabaiti nzima au zaidi, na kumi na sita ikikutana kerneli huanza kuua michakato. Kwenye logi utaona Killed signal terminated program cc1plus, na kwenye mfumo mwenyeji dmesg itathibitisha kwa maneno Killed process. Hilo si kosa la GCC. Punguza hadi -j4 na urudie. Kwa majaribio yanayofeli kwa kuishiwa muda, tafuta program timed out kwenye faili za .log za GCC. Zikiwa nyingi, sababu kwa kawaida ni ileile, kazi nyingi kuliko uwezo, au laptopu iliyopata joto ikapunguza mwendo.

Nafasi ya diski nayo inahadaa. GCC pekee huhitaji zaidi ya GB 6 pamoja na majaribio, na diski ikijaa katikati baadhi ya majaribio hufeli kimyakimya kwa kushindwa kuandika faili la muda. Angalia df -h kabla na baada. Angalia pia saa, hasa kwenye mashine ya kuigizwa iliyosimamishwa kisha ikaamshwa: make ikionya Clock skew detected, rekebisha saa na uanze kifurushi hicho upya.

Kuna aina moja ya kosa ambayo hakuna sed wala kiraka kitakachoiponya. Ukiona internal compiler error: Segmentation fault, rudia amri ileile bila kubadili chochote. Kosa likirudi mahali palepale, ni la programu. Likihama, mara faili hili mara lile, shuku RAM au joto, na endesha memtest86+ usiku kucha kabla ya kugusa kitu kingine. Vilevile ondoa CFLAGS za kujibunia kama -O3 na -march=native. Haziusaidii ujenzi wa kwanza, na zinakunyima uwezo wa kulinganisha matokeo yako na ya wengine.

Vifurushi vidogo havihitaji maneno mengi. Attr hutaka mfumo wa faili unaokubali sifa za ziada, ext4 inatosha. Jaribio la cp kwenye Acl hufeli kwa kuwa Coreutils yenye msaada wa ACL (orodha za ruhusa za faili) bado haijajengwa wakati huo. Bash hutoa matokeo kwa mistari ya diff yenye alama za < na >, kwa hiyo usitafute neno FAIL huko. Majaribio ya Util-linux yasiendeshwe na root kabisa, yanaweza kuidhuru mashine. Mwongozo umeonya kwa nguvu na uko sahihi.

Ukiulinganisha na njia nyingine za kujenga Linux, Gentoo haiendeshi majaribio mpaka uweke FEATURES="test", na mtunza kifurushi anaweza kuyazima kwa RESTRICT="test". Ni raha zaidi, ila hujui ni lipi limerukwa na kwa nini mpaka ufungue ebuild, faili la maelekezo ya kujenga kifurushi. Guix huendesha majaribio inapojenga kutoka msimbo chanzo; --keep-failed inakubakizia folda ya ujenzi ulioshindikana uichunguze, na --without-tests=jina inaruka majaribio ya kifurushi hicho. Kwa mtu anayetaka kujifunza kusoma kosa lenyewe, LFS bado inashinda zote mbili, kwa sababu hakuna chombo kinachosimama kati yako na logi.

Mwongozo unasomwa bure mtandaoni na unapakuliwa kama HTML au PDF, hivyo ukishapakua vifurushi na kuvihakiki kwa md5sum -c md5sums unaweza kujenga bila kuchoma bando. Soma pia ukurasa wa masahihisho wa toleo lako kabla ya kuanza, maana baadhi ya makosa yanayokutoa jasho yameshaandikwa humo.

Sehemu mbili zisirukwe hata kama umechoka. Ya kwanza ni 7.13, inayokufundisha kuhifadhi mfumo wa muda kwa tar kabla ya sura ya 8. Mwongozo unaiita ya hiari. Ichukue kama lazima, kwa sababu majaribio ya Glibc yakikuonyesha kwamba msingi ni mbovu, nakala hiyo inakurudisha mwanzo wa sura ya 8 badala ya sura ya 5. Ya pili ni ukaguzi mfupi baada ya kusakinisha GCC. Unakompaili dummy.c yenye int main(){} peke yake, kisha unaendesha readelf -l a.out | grep ': /lib'. Kwenye mashine ya biti 64 jibu liwe /lib64/ld-linux-x86-64.so.2. Likiwa na njia nyingine yoyote, au kimya, usijenge kifurushi kinachofuata, hata kama majaribio yote ya GCC yalipita.